Fundi Breki Aliyeacha Kusema Baba Kasafiri

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo, nisije nikalaumiwa kwa harufu ya kuungua.

Leo tunamkumbuka fundi breki. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye mikono mipana na kicheko cha kuwashtua wapita njia. Wateja walimwita Dada Breki. Hata benki walimwita Dada Breki. Alizikwa Alhamisi iliyopita.

Kabla sijakwenda mbali, nina agizo la familia. Mdogo wake, mwalimu wa hesabu, ndiye ndugu yake pekee wa tumbo moja. Alikuja hapa studio na karatasi mkononi. Akanionya nisithubutu kusoma kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi.

"Dada alikuwa na presha miaka sita," alisema. "Dawa alikuwa anaziacha kwenye droo ya spana. Sema hivyohivyo. Na baba yetu usimwite mcheshi aliyependa watu. Alikuwa mlevi. Sema mlevi."

Nikamweleza kwamba redioni huwa tunalainisha kidogo. Mwalimu akanitazama kama niliyeshindwa jedwali la mbili. Basi leo hatulainishi.

Baba yao alikuwa dereva wa lori. Dereva hodari, wanasema waliomjua, mpaka pombe ilipomshusha kwenye usukani. Mama yao alifariki binti akiwa na miaka kumi na mmoja. Wakabaki watatu: baba anayepiga maji kabla ya chai ya asubuhi, binti, na mdogo wake. Vyumba viwili, dirisha moja la kutazama barabara, na kabati la nguo lenye mlango unaolia ukiufungua.

Nyuma ya mlango wa kabati hilo kulikuwa na ratiba. Ratiba ya uongo. Narudia, maana najua kuna mtu alikuwa anakohoa: ratiba ya uongo.

Ilianza hivi. Mwenye nyumba aliuliza baba yuko wapi. Dada akajibu kasafiri, mdogo akajibu ana homa, anatapika chumbani. Wote wawili kwa pamoja, mlango mmoja. Mwenye nyumba akataka kujua hiyo safari mtu anaifanyia kitandani au vipi. Aibu ya siku ile ilimfanya dada achukue kalamu ya wino. Jumatatu, baba kasafiri. Jumanne, homa. Jumatano, yuko msibani. Alhamisi, kasafiri tena. Wakawa wanakariri kabla ya kutoka, kama watoto wengine wanavyokariri mashairi. Bibi yao mzaa baba alizikwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na bibi mwenyewe yu mzima, anakula vizuri, anashangaa kwa nini majirani wa mwanawe wanamsalimu kwa mashaka.

Mnacheka. Hata mwalimu alicheka akinisimulia, halafu akavua miwani akaifuta.

Maana binti huyo alikuwa wa tatu darasani, akashuka mpaka wa thelathini na nne. Akili ilikuwepo palepale. Ila akili nusu ilikuwa darasani na nusu nyumbani, inasikiliza kama jiko limezimwa. Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa hesabu, kitanda cha baba kilikuwa kitupu. Binti akazunguka vilabu vitatu. Akamkuta nyuma ya duka la mbao, amelala chali, chakari. Akamgeuza ubavu ili asipaliwe, akamwekea begi lake la shule chini ya kichwa, akakimbia. Alifika amechelewa dakika arobaini, hana begi, hana rula. Msimamizi akauliza sababu. Ilikuwa Jumatano.

"Tulikuwa msibani," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, hesabu alipata alama za kuponea. Lakini aliponea. Akaomba nafasi chuo cha ufundi, na chuo kikamjibu: njoo na mzazi wako, aweke sahihi mbele ya karani, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Kwa binti mwenye miaka kumi na tisa, asiye na mjomba wala shangazi wa kumsukuma, barua ile ndiyo ilikuwa njia pekee ya kutoka na cheti mkononi. Bila sahihi, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Akamwonyesha baba barua. Baba akaisoma mara mbili. Halafu, mwalimu anasema, mzee akafanya jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Aliacha. Jumatatu hakunywa. Jumanne hakunywa, akatetemeka mpaka kikombe kikagonga meno. Jumatano alitoka jasho la kulowesha godoro, binti akawa anamshika mkono na kumpa maji kwa kijiko. Alhamisi akaomba wembe. Ijumaa asubuhi akavaa koti lake la udereva, likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari, na baba na binti wakashika njia.

Mbele ya dirisha la karani kulikuwa na foleni ya wazazi na watoto wao. Zamu yao ilifika saa nne na nusu. Karani akafungua faili, akashusha miwani. Akasema hapa binti ameandika kwamba baba yake yuko nje ya nchi.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lenyewe. Fomu ile ya maombi iliuliza mzazi yuko wapi kwa sasa. Binti aliijaza siku ya Alhamisi. Mkono ukaandika wenyewe: kasafiri. Na kwa kuwa fomu ilionekana rasmi, akampeleka nje ya nchi kabisa. Hakuna aliyemlazimisha. Hata hakukumbuka kwamba ameandika. Mtoto aliyelelewa na mlevi anadanganya kabla hajaulizwa vizuri, kama wewe unavyofumba jicho vumbi likija.

Karani akamgeukia mzee, akamuuliza amerudi lini.

Masikini, baba hakuijua ratiba. Tena siku hiyo alikuwa ameamua kuwa mkweli. Akajibu kwa heshima zote kwamba tangu aache lori hajavuka hata daraja la mto.

"Kwa hiyo wewe ni nani?" karani akauliza.

Wiki ile karani alikuwa amewanasa vijana wawili waliowaokota watu barabarani wakawaleta kama baba zao. Sasa anaona mzee aliyekonda, koti si saizi yake, hana kitambulisho kwa sababu alikwisha kukipoteza pamoja na kila kitu alichowahi kuwa nacho, na mikono inatetemeka hata kalamu haishikiki. Mtu akacheka nyuma kwenye foleni, akasema huyu baba wa kukodi wamemchukua kabla usingizi haujamtoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane mzee yule alitoka nyumbani hajalewa, na ndiyo siku aliyoonekana mlevi kuliko zote.

Binti akageuka, akaitazama foleni nzima. Halafu akamtazama karani.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Hajasafiri kokote. Ni mlevi. Anatetemeka kwa sababu leo ni siku ya tano hajanywa, na hajanywa kwa ajili ya sahihi hii. Niliyedanganya ni mimi."

Mngependa niwaambie kwamba karani alitoa machozi na kugonga muhuri. Aligonga muhuri kweli. Uliandikwa: taarifa za uongo. Nafasi ikaenda.

Kwenye ngazi, baba alimwambia binti yake neno moja ambalo alilitunza mpaka kufa, akampa na mdogo wake alitunze. "Umelisema mbele ya watu wote wale, mwanangu. Mimi sijawahi kulisema hata peke yangu chumbani."

Jioni hiyo mzee alikunywa. Sitaki mtu asikilize akidhani kuna muujiza unakuja. Alikunywa, akaendelea kunywa, akafariki miaka miwili baadaye. Lakini binti alifika nyumbani, akachukua bisibisi, akafungua bawaba za mlango wa kabati, akautoa mlango mzima na ratiba yake, akaupasua kuni. Mdogo wake akauliza sasa tukiulizwa tutasemaje. Akamwambia tutasema kanywa, watafanya nini, watupige?

Tuendelee, wasikilizaji wapendwa. Akaenda kutafuta kazi. Gereji ya kwanza, binti wa nani? Aa, wa yule. Hapana. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa ya mzee wa breki aliyejulikana kama Mzee Gia, mtu wa kununa tangu kuzaliwa. Akamwambia bila kuficha kwamba hachukui mtoto wa mlevi, breki ni roho za watu.

"Ndiyo maana nataka breki," binti akajibu. "Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye nyumba isiyo nazo."

Mzee Gia akasema maneno matamu, shika ufagio. Alifagia miezi minane.

Siku ya kwanza kugusa gari, alipewa kazi ya kukanyaga. Wasiojua, breki za gari zikiingiwa na hewa, hazishiki. Kuitoa hewa kunataka watu wawili. Mmoja yuko juu anakanyaga pedali na kuishikilia chini, mwingine yuko chini ya gari anafungua skrubu hewa itoke. Hawaonani. Wa chini anauliza, umeshikilia? Wa juu anajibu. Basi. Kazi nzima inategemea jibu hilo.

Mguu wa binti ukateleza. Kutoka chini Mzee Gia akauliza, umeshikilia? Naye, kwa mazoea yaleyale ya kabatini, akasema nimeshikilia.

Gari lilipojaribiwa lilipita geti, likapita ukuta, likasimama kwenye pipa la taka. Mzee Gia akashuka ana maganda ya ndizi mabegani. Gereji nzima ikamsubiri amfukuze. Binti akasema mguu uliteleza, nikadanganya. Mzee akajipangusa, akarudi chini ya gari.

"Rudia," akasema. "Safari hii unijibu."

Ndivyo alivyoanza kuwa fundi. Alifanya mtihani wa ufundi kama mtahiniwa wa nje akiwa na miaka ishirini na sita, akafaulu. Akamsomesha mdogo wake hadi ualimu. Akiwa na miaka thelathini na mmoja akafungua karakana yake, bati juu, mchanga chini. Na hapo akaanza kuchukua vijana ambao hawakubaliki kokote, watoto wa walevi, wa wavuta unga, wa wazazi wanaokesha kwenye kamari. Ishirini na watatu katika miaka kumi na mitano. Hakudai sahihi ya mzazi. Aliwaweka kwenye pedali, akalala chini ya gari, akawauliza umeshikilia? Aliyekiri kwamba ameachia, alipewa ovaroli.

Wenzake wa gereji nyingine walimcheka kwamba amefungua kituo cha yatima wenye wazazi. Akawajibu kwamba magari yao yanarudi kwake kutengenezwa upya, waendelee tu kucheka, biashara ni nzuri.

Presha ilimwangusha Jumanne, spana ikiwa mkononi. Hospitali alikaa siku sita. Wanafunzi wake wanne walikuwa na mtihani wa vitendo, Alhamisi saa tatu asubuhi. Aliwaita kando ya kitanda akawaambia, "Atakayeacha mtihani aje kunizika, nitamtokea." Akafariki Jumatatu. Maziko yakapangwa Alhamisi, saa nne.

Makaburini ndugu wa mbali walinong'ona. Wa zamani wamekuja, lakini hawa wanne aliokuwa nao mpaka mwisho, hata mmoja hayupo. Mmoja wao, shangazi wa ukoo wa mbali, akasema damu ya ulevi haina shukrani. Mwalimu wa hesabu akawaomba radhi waombolezaji, akapanda kwenye kifusi.

"Wako kwenye mtihani," akasema. "Ndiko alikowatuma. Mimi dada yangu aliingia mtihani amechelewa dakika arobaini kwa ajili ya mtu mzima. Leo ndiye mtu mzima, na hamcheleweshi mtu."

Wale wanne walifika saa nane, na ovaroli zao, kaburi limeshafunikwa. Shangazi yuleyule akamuuliza mkubwa wao, msichana wa miaka ishirini, walikuwa wapi, na mama yake naye mbona hakuonekana kuzika.

"Tulikuwa kwenye mtihani, shangazi," akasema msichana. "Na mama kalewa. Yuko nyumbani."

Wasikilizaji wapendwa, shangazi akasogea pembeni. Akampisha apite kaburini.

Tunampa pole mwalimu wetu wa hesabu. Tunawapa pole mafundi ishirini na watatu, na Mzee Gia, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini alikuja akaligusa kaburi kwa mkono. Mungu amlaze pema.

Nanyi tafakarini kidogo. Mwajiri uliyezima redio uliposikia neno mlevi, washa tena. Huyo kijana mlangoni mwako hakunywa kitu. Muulize anachoweza kufanya, usimuulize ni wa nani. Karani mwenye fomu, itazame upya, uone inamfungia nani nje. Mzazi unayesikiliza na chupa iko pembeni, sitakuhubiria, mimi si wa kuhubiri. Nakuomba tu umtazame mwanao anaandika nini.

Na wewe kijana, uliyeketi hapo na vitabu, unasikiliza kama mlango umegongwa. Kama una mtihani kesho, nenda. Mlaze ubavu, mwite jirani, nenda. Watakaosema, waache waseme. Wewe nenda, na ufike mapema.