Beseni la Bwana Shamba

Pale Ladypool Road, mtaa wa Sparkbrook, mbele ya duka la Vipul, pana benchi ambalo zamani lilikuwa kitanda. Ubao wake umelazwa juu ya kreti mbili za maziwa, na Jumamosi asubuhi ubao huo hubeba akili nyingi kuliko vyuo vyote vya Birmingham ukivichanganya. Anayebisha aende akakae. Immaculée, mzaliwa wa Bukavu, huja na kahawa ya tangawizi kwenye themosi kubwa kama mtungi wa gesi, ndiyo maana huitwa Mama Themosi. Vipul mwenyewe, aliyezaliwa Kisumu, wanamwita Mizani, kwa sababu tangu afungue duka hajawahi kumzidishia mtu hata punje moja. Truphosa ni nesi; jina lake Sista Dozi, maana hakuna shida asiyoipangia dawa mara tatu kwa siku. Wa nne ni Njoroge, anayetunza wazee kwenye nyumba moja huko Lozells. Huyu ni Bwana Shamba. Wengine walibatizwa na kijiwe. Njoroge jina alijipa mwenyewe.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa Mei alikuja amekumbatia beseni la kuoshea vyombo lililofunikwa taulo, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

— Bwana Shamba, umetuletea supu? — Vipul aliuliza.

— Msicheke. Huu ni mpunga wa Cheryl.

Truphosa aliinua pembe ya taulo, akairudisha haraka.

— Wuueh! Njoroge, hiki kitu kimekufa. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na saba, maiti naijua.

— Hakijafa. Kimelala.

— Kimelala tangu lini?

— Wiki mbili.

— Hiyo si kulala, hiyo ni kuzikwa.

Njoroge aliliweka beseni kwenye benchi, akakaa kando yake, na kahawa aliyopewa hakuionja. Hapo ndipo wenzake walipojua mambo si mzaha.

Cheryl ni binti yake, ana miaka kumi na minne, na anaishi na mama yake kule Sutton Coldfield. Kila baada ya wiki mbili hupanda treni kuja kwa baba. Kwa mwaka mzima alikuwa akija na earphone masikioni, na swali lolote jibu lake lilikuwa moja: "fine". Shule? Fine. Mama? Fine. Nyumba ikiungua pia ingekuwa fine. Kisha likaja gemu. Katika gemu hilo binti wa miungu ya Kijapani anashushwa duniani kwa utundu wake, anaambiwa alime mpunga. Akivuna vizuri, anapata nguvu za kupigana na mazimwi. Akivuna vibaya, mazimwi yanamla kama chipsi. Limependwa hata likatengenezwa katuni ya televisheni, na siku moja Cheryl alimpa baba yake earphone moja watazame pamoja kwenye simu. Njoroge alipomwona yule binti ameinama, maji yamemfika kwenye vigimbi vya miguu, miche mkononi, hakuweza kujizuia.

"Hii ni Mwea!" alipiga kelele. "Hii kazi nimeifanya kwa mikono hii!"

Cheryl alivua ile earphone nyingine. Akamtazama baba yake kama ndiyo kwanza wanatambulishwa. Akauliza kama wanaweza kuotesha mpunga wa kweli. Na mtu wa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga ya Kenya, ataulizwa mambo ya mpunga akatae? Walishuka kwa Vipul, wakanunua kilo moja, wakatia udongo na maji kwenye beseni, na Cheryl akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akicheka.

— Leo anafika saa tano — Njoroge alisema. — Sasa ni saa nne na robo. Akikuta hivi, atavaa earphone zake. Na safari hii hatavua.

Kijiwe kilisogea karibu na beseni. Halafu, kwa kuwa ni kijiwe, kikaanza kutoa elimu.

— Tatizo ni maji — Vipul alisema. — Maji ya mji huu yanatoka Wales. Yanakuja kwenye bomba zaidi ya kilomita mia. Sasa maji yaliyosafiri hivyo yakifika si yamechoka? Hayawezi kuamsha mbegu. Yenyewe yanataka kulala.

— Mbona chai tunachemsha yanakubali? — Truphosa aliuliza.

— Chai unayalazimisha na moto!

— Papa Njoroge — Immaculée aliingilia, akijaza vikombe — uliuimbia? Kwetu Bukavu, kulima bila wimbo ni adhabu ya gereza.

— Nimeuimbia nyimbo zote za kanisa.

— Kwa luga gani?

— Kikuyu.

— Non, papa! Mbegu ilitoka India, Kikuyu itajulia wapi? Muite Vipul aimbe.

Vipul alikataa, kisha akakubali upesi kuliko alivyokataa. Aliinamia beseni, akaliimbia wimbo wa filamu ya zamani, mkono kifuani, mpaka mama mmoja mpita njia akasimama akadhani kuna msiba. Mbegu haikutikisika.

— Mnahangaika bure — Truphosa alisema. — Kosa liko juu. Huyo binti wa miungu ni wa Japani, si ndiyo? Mimi nilipofika hapa na diploma yangu ya Kenya, nilikaa miaka miwili bila kuruhusiwa kugusa sindano, mpaka nisajiliwe. Na yeye ni vivyo hivyo. Hana namba ya usajili ya Uingereza. Akiotesha mpunga Sparkbrook, wanamfungia leseni.

— Njo vile! — Immaculée alisema. — Na mtihani wa Kiingereza hajafanya.

— Hahitaji usajili — Njoroge alisema, na sasa kidogo damu ilianza kumrudia usoni, maana uongo kwake ulikuwa kama glukosi. — Sikilizeni, nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Yule ni mama yangu.

— Nani?

— Yule wa kwenye gemu. Wajapani walikuja Mwea nikiwa mdogo, na kofia zao na kamera zao. Wakamkuta mama yangu yuko kwenye majaruba anapanda. Wakasimama ukingoni. Wakaandika. Siku ya kwanza waliandika, ya pili waliandika, ya tatu kalamu zikaisha wino. Wakarudi kwao, wakakaa miaka, wakatoa gemu. Hata anavyoshika kiuno akichoka, mama mtupu!

— Na mama yako alipigana na mazimwi?

— Alipigana na mbu. Sista, mbu wa Mwea unawajua? Walikuwa wanabisha hodi.

Walicheka mpaka ubao ukalia. Vipul ndiye aliyeacha kwanza.

— Sasa kama ni mama yako, mbona anamnyima mjukuu wake mpunga?

Njoroge alitazama saa ya simu yake. Saa nne na dakika arobaini.

Ni Truphosa aliyekuja na dawa.

— Mizani, una vitunguu vya majani?

— Ninavyo. Vya leo.

— Leta fungu. Kata mizizi, acha yale majani ya kijani. Mtoto wa Sutton Coldfield ataona tofauti wapi? Tunapanda, anafurahi, anarudi kwa mama yake. Wiki mbili zijazo tutajua la kufanya.

Ilikuwa dhambi, lakini dhambi iliyopangwa vizuri. Vipul alileta fungu. Immaculée alichana majani kwa kucha, membamba kama nyasi. Njoroge alikunja mikono ya shati, na wote wanne, watu wazima wenye pasipoti, wakainama juu ya beseni pale kando ya barabara wakipachika majani ya kitunguu kwenye tope linalonuka, huku Bwana Shamba akitoa amri.

— Mstari, jamani, mstari! Vipul, umebananisha! Mche unataka kupumua!

— Dad?

Walisimama wima wote kwa pamoja, kama wanafunzi. Cheryl alikuwa nyuma yao, begi begani, earphone zimening'inia shingoni. Treni ya mapema.

— Shikamoo, aunties — alisema, akamsalimu na Vipul. Kiswahili chake kiliishia hapo. Mengine yote aliyasema kwa Kiingereza cha Birmingham, huku akielewa kila neno alilojibiwa. — Mnafanya nini?

— Tunapalilia — Njoroge alisema.

Cheryl alichuchumaa. Aling'oa mche mmoja, akaunusa. Alimtazama Vipul, Vipul akatazama basi lililokuwa likipita. Kisha Cheryl akazamisha vidole chini kabisa kwenye tope, akatoa kitu kidogo cheupe, laini kama uji, akakiweka kiganjani.

— Nimefika msimu wa pili kwenye gemu — alisema. — Kabla ya kupanda unachagua mbegu. Nzito unapanda, nyepesi unatupa. — Alikigeuza kile kitu kwa kidole. — Lakini mbegu zote zina ngozi. Maganda ya hii yako wapi?

Vipul aligeukia duka lake. Yeye ndiye aliyepima ile kilo, kutoka gunia la mchele wa biriani. Truphosa, ambaye kwao Ahero mpunga uko mpaka mlangoni, alijishika kichwa. Immaculée alianza kutikisika kwa kicheko cha ndani. Wiki mbili Bwana Shamba alikuwa ameubembeleza, ameuimbia na kuufunika taulo mchele uliokobolewa, ukang'arishwa, ukatiwa guniani tayari kwa sufuria. Usingeota hata ungepandwa Mwea kwenyewe.

— Dad — Cheryl aliuliza polepole — kule Mwea, wewe ulikuwa unafanya nini hasa?

Na uongo ulikuwa tayari. Njoroge aliusikia unapanda kooni, mzuri, wenye nyama: kwamba kuna mbegu za siri zinazopandwa bila maganda, kwamba ni mama yake peke yake aliyeijua kazi hiyo. Ungetoka safi. Lakini mkono wa Cheryl ulikuwa umeshika earphone pale shingoni.

— Nilikuwa nafukuza ndege — alisema.

— Nini?

— Kwelea. Wanakuja kama wingu, mpunga ukikaribia kuiva. Mtoto anasimamishwa kwenye tuta tangu alfajiri, anawafukuza. Kupanda walipanda wakubwa. Nilipofika miaka kumi tukahamia Nakuru. Jembe sijalishika, Cheryl. Mimi kazi yangu ilikuwa kelele.

Kijiwe kizima kiliangalia viatu.

— Kwenye gemu hakuna mtu wa ndege — Cheryl alisema. — Wala kwenye katuni. — Akafikiri. — Kelele gani?

— Ah, ni mambo ya kitoto.

— Nionyeshe.

Njoroge alitazama barabara, magari, watu na mikoba yao. Kisha akapanda juu ya benchi, akatanua miguu, akaweka viganja kando ya mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa miaka hamsini na mbili anayelalamika mgongo. Ilianza chini kama ngoma, ikapanda, ikapasuka juu: Hooooyaaa-hoi! Njiwa waliokuwa juu ya paa la duka la vitambaa, mtaa mzima wa njiwa, waliruka kwa mpigo mmoja, wakazunguka angani, wakaelekea Stratford Road bila kuaga. Dereva wa teksi alishusha kioo. Mbwa mmoja alikaa chini.

— Oh my days — Cheryl alisema.

— Hiyo ilikuwa ya ndege wachache — Njoroge alisema. Sasa alikuwa amesimama wima kabisa. — Wakija laki moja, kuna nyingine.

Immaculée alipiga makofi. Vipul aliingia dukani, akakawia, akasikika akisogeza maboksi. Alirudi na mfuko mdogo wa plastiki uliojaa punje za kahawia zenye ncha, kila moja na koti lake.

— Wabengali wananunua kwa ibada zao — alisema. — Ni mpunga wenyewe. Uliniambia unataka kilo ya mchele, Bwana Shamba, nikakupa. Hukuniambia unataka kupanda.

Cheryl alimimina punje chache kiganjani. Nzito akaziweka huku, nyepesi akazipuliza. Truphosa alimwaga lile tope kwenye mtaro, vitunguu na kila kitu, akalisugua beseni kwa maji moto yaliyokuwa ya kahawa ya pili.

— Hili safari hii tuliweke dirishani upande wa jua — Njoroge alisema. — Ndani kuna joto.

— Hapana — Cheryl alisema. — Nje. Uani kwa Mister Vipul.

— Nje ndege watazila zote, mama.

— Najua. — Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya sweta. — Ndani wewe utafanya kazi gani?