Mama Mapacha na Rafu ya Mazimwi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Mapacha anafunga droo yake ya kaunta kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia maktaba yetu kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa msaidizi wa kupanga vitabu, anaondoka akiwa mkutubi mwandamizi. Nimefanya naye kazi kwa miaka ishirini na tisa kati ya hiyo, mimi nikiwa fundi wa kushona vitabu katika chumba cha nyuma, kile chenye harufu ya gundi ambacho wageni hudhani ni stoo.

Mratibu wa sherehe aliniomba nusu ukurasa. Akaongeza kwa upole kwamba Mkuu wa Maktaba angependa nisiguse habari za rafu ya mazimwi. Nimemsikia. Lakini kumwandika Mama Mapacha bila rafu ile ni sawa na kumwandika mpishi bila kutaja jiko, na kwa kuwa vijitabu hivi vya sherehe nimevishona kwa mikono yangu mwenyewe, nitaandika ninachokijua.

Tuanze na jina. Mama Mapacha hana mapacha. Ana binti mmoja, muuguzi, ambaye amechoka kuulizwa mwenzake yuko wapi. Kuna msomaji mwema aliyewahi kuleta magauni mawili ya kufanana kwa ajili ya hao watoto. Mama alishukuru kwa uso mkavu, akampa binti yake yote mawili. Jina lenyewe lilitokana na kosa langu.

Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa vitabu viwili vilivyopoteza majalada. Kimoja kilikuwa hadithi ya kale ya zimwi la kisimani: linawavuta wachota maji, wanakijiji wanakusanya mawe, kisima kinazibwa, ngoma inachezwa mpaka kunakucha. Cha pili kilikuwa riwaya ya siku hizi, na humo zimwi ndilo linalosimulia. Lilikuwa likiishi pale chini kabla kijiji hakijakuwapo, na siku kisima kilipochimbwa, kilichotobolewa ni paa la nyumba yake. Nilikuwa na haraka, karatasi zililingana, nikavishona vyote ndani ya jalada moja. Nilipogundua, gundi ilikuwa imeshakauka. Nilimpelekea Mama nikijua kibarua kimeota nyasi. Alikaa nacho siku tatu, kisha akaja chumbani kwangu akasema, "Usithubutu kuvitenganisha. Hawa walikuwa wanatafutana."

Kuanzia hapo, kila kitabu cha kale chenye zimwi au jitu alikifunga kwa utepe pamoja na kitabu kipya chenye zimwi la aina hiyohiyo; wasomaji wakaziita jozi hizo mapacha, na yeye mama yao. Hukuruhusiwa kuazima kimoja ukaacha kingine, hata ubembeleze vipi. Ndani ya kila jozi aliweka kadi yenye swali moja kwa mwandiko wake, na msomaji alitakiwa kulijibu kabla ya kurudisha. Kadi ya kisimani iliuliza: Baada ya kuziba kisima, walikunywa nini?

Wapo waliomwita mtetezi wa mazimwi. Hawakumsikiliza vizuri. Aligombana na pande zote mbili, na alifurahia kugombana. Aliyedai kwamba wasimulizi wa zamani hawakuwa na huruma alifunguliwa kitabu cha kale na kuoneshwa sentensi moja tu, pale zimwi linapoomba mawe yasitupwe kwanza kwa sababu mwanawe amelala. Mama alisema huruma ilikuwamo tangu zamani, ila ilifichwa mahali ambapo mtu mwenye haraka hataiona. Aliyekuja machozi yakimlengalenga kwa ajili ya zimwi la riwaya mpya aliambiwa, "Lihurumie, sawa. Ila na wale waliokufa kisimani walikuwa na mama zao." Vitabu vipya vinavyolisafisha zimwi mpaka linabaki halina kosa lolote alivirudisha rafu ya kawaida. Hilo si zimwi tena, alisema, hilo ni jirani aliyesingiziwa.

Mlinzi wetu wa getini tunamwita Jitu, kwa sababu huinama kupita mlangoni. Watu wasiomjua huvuka barabara wakimwona. Alikuwa akisema vitabu si mambo yake. Mama alimwekea jozi ya kisimani kwenye kibanda chake, naye akakaa nayo wiki tatu. Kwenye kadi aliandika: "La zamani halikuulizwa kitu. La sasa linajieleza sana, kama mtu aliyezoea kutoaminiwa. Maji sijui, labda waliona haya kuyatafuta." Mama alinisomea kadi ile akiwa amesimama, na alilia. Tangu siku hiyo Jitu ndiye anayefunga tepe za rafu nzima kila asubuhi, na hakuna fundo lake lililowahi kulegea.

Miezi mitatu iliyopita tulipata Mkuu mpya, na barua ikafuata. Rafu ya mazimwi, ilisema, inafundisha watu kutetea uovu, tena inachukua nafasi inayohitajika. Jumatatu baada ya Mama kustaafu, vitabu vyote vitafutwa kwenye daftari na kupelekwa kusagwa. Mama alikwenda mbele ya bodi akiwa amebeba droo nzima ya kadi, zaidi ya elfu mbili. Aliwaomba wajumbe wasome tatu tu, wachague wenyewe. Hawakusoma hata moja. Mjumbe mmoja alimwambia, "Mama, wewe sasa pumzika, haya tuachie sisi."

Alirudi chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti changu na droo mapajani, akasema kwa mara ya kwanza anahisi amefanya kazi ya bure. Niliumia, kisha nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Sasa wasikilize wote walioketi ukumbini, kuanzia meza kuu. Kanuni za maktaba hii, ukurasa wa nne, zinasema kitabu kilichoko mikononi mwa msomaji hakifutwi kwenye daftari mpaka kirudi. Kanuni hiyo aliiandika Mama mwenyewe miaka mingi iliyopita, na nadhani ameisahau. Sisi tumeikumbuka. Tangu Jumanne, yeye akiwa ghorofani akikabidhi mafaili, jozi zote arobaini zimeazimwa moja baada ya nyingine, kihalali, kwa muhuri na tarehe. Jitu amechukua nne. Mfagizi amechukua mbili. Mhasibu, ambaye sijawahi kumwona na kitabu kisicho na mistari, amechukua ile nene kuliko zote na sasa haisalimii kaunta akipita, anasoma huku anatembea. Mratibu aliyeniomba nusu ukurasa anayo moja mkobani. Zilizobaki wamezimaliza wasomaji. Kila baada ya wiki mbili tutaongeza muda, na kanuni haziweki mwisho wa kuongeza. Hilo nalo aliliandika Mama.

Kwa hiyo Jumatatu wenye maboksi wakaribie sana. Watakuta mbao tupu, zimefutwa vumbi.

Mama Mapacha, ahsante. Ahsante kwa kutonifukuza, ahsante kwa kutulazimisha kusoma upande wa pili hata pale tulipotaka kwenda kucheza ngoma na wengine. Kuna kitabu kimoja hatukumpa mtu mwingine, kile cha kosa langu, viwili ndani ya jalada moja. Kiko chini ya kiti ulichokalia, kimegongwa muhuri kwa jina lako. Miaka yote tulipokuuliza jibu lako la swali la kisima ulisema utajibu ukistaafu. Kadi imo ndani, haijaandikwa kitu. Nenda ukaishi vizuri, ulale mpaka uchoke, usibanwe na kengele ya mtu. Lakini kadi tunaisubiri, na mpaka uilete, kitabu hicho hakifutwi.