Vidole Vyangu Vilivyokataliwa Forodhani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Kabla sijasema alichonitendea, niwataje waliokuwepo, msije mkasema bibi kaota. Siku ile ofisi ya forodha alikuwepo Skolastika, binti yangu wa tatu, ndiye anayejua mambo ya simu. Alikuwepo Mama Tuzo, kiongozi wetu wa maombi hapa Mbagala. Alikuwepo Bi Mwanahawa binti Shomari, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mwislamu, aliyesema yeye anasindikiza tu. Na nyuma ya dirisha alikaa dada mmoja anaitwa Upendo, mwenye mwanya mzuri wa mbele.

Mie shule niliishia darasa la tatu. Kazi yangu ni msasa. Marehemu mume wangu Simoni alichonga mpingo, sasa anachonga mwanetu Deo, na mie nasugua vinyago mpaka ving'ae. Miaka arobaini! Na nilikuwaga na kiburi, sifichi. Mtu akigusa msasa wangu nampokonya. Zawadi, mke wa Deo, nilimfukuza barazani mbele za watu kwa kusugua sikio la kinyago cha tembo tu.

Miaka yote hiyo vinyago vyetu vilikwenda nje kwa jina la mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mfaume. Huko vinaitwa kazi ya Mfaume, mtu ambaye hajashika hata patasi! Basi mama mmoja mwenye duka huko nje akampigia Skola: mwezi huu leteni ishirini wenyewe, jiandikisheni forodha kama wasafirishaji. Mkishindwa, narudi kwa Mfaume. Ndugu zangu, nilicheza!

Tukafika dirishani.

"Shikamoo, bibi. Weka kidole gumba hapa kwenye kioo."

Nikaweka. Taa nyekundu. Nikaweka cha shahada. Nyekundu. Vyote kumi, nyekundu! Upendo akavishika, akavigeuza.

"Bibi, hivi vidole umevifanya nini? Havina hata mstari mmoja."

"Nasugua mpingo, mwanangu."

"Basi umejisugua na wewe mwenyewe. Mashine inasema haupo."

"Sipo? Na aliyekuitikia marahaba ni nani?"

Mama Tuzo akasema hili ni la kukemea. Akatoa chupa ya mafuta ya upako, akanipaka vidole vyote, akakemea kwa sauti mpaka mlinzi akaja mbio. Nikaweka kidole, kikateleza! Kioo kikalowa mafuta, foleni nzima ikasimama, Upendo anafuta kwa kanga ya Bi Mwanahawa. Baba mmoja nyuma yetu akapayuka, "Bibi, hapa ni forodha, sio kikaangoni!"

Upendo, Mungu ambariki, hakukasirika. Akaniambia, "Mistari inarudi, bibi. Kaa wiki mbili bila kugusa msasa, halafu uje."

Mnauona huo mtego? Vinyago ishirini viko nyumbani havijasuguliwa. Nikisugua, sina vidole. Nisiposugua, sina mzigo. Nililia kwenye bajaji kama mtoto. Bi Mwanahawa akanitazama weee, mwisho akasema, "Fotunata, unamwomba Mungu msaada, na mikono yetu sie unaikataa? Lete huo msasa!"

Wiki mbili nilikaa mkekani, mikono mapajani kama bibi harusi. Wao wanasugua. Mama Tuzo anasugua huku anaimba pambio, na pambio likikolea na mkono unakwenda mbio, simba akaanza kuisha pua! Nikaruka.

"Kaa chini!" Bi Mwanahawa huyo. "Hivyo vidole si vyako, ni vya forodha!"

Nikakaa. Na Zawadi, niliyemfukuza, alikuja bila kuitwa, akachukua tembo. Nikamwangalia anavyolisugua sikio taratibu, kufuata nyuzi za mti, sawasawa kama mie. Kumbe siku zote alikuwa anajua. Nikamwambia, "Umepatia, mama." Akalia, na mie nikalia. Ndugu zangu, kuna kitu kizito kilinitoka kifuani saa ile, na kilikuwa kimekaa miaka!

Tulirudi dirishani. Nikaweka gumba. Kijani! Upendo akasoma kwa sauti, "Fotunata Kasiani Mnali, msafirishaji." Foleni ikapiga makofi. Nikamtafuta yule baba wa kikaangoni, bahati yake hakuwepo.

Mzigo umekwenda kwa jina letu. Mama mwenye duka katuma salamu: vyote vizuri, ila kiboko mmoja ni laini kuliko wote, kamsugua nani? Ni Bi Mwanahawa! Tangu hapo hanipi salamu, ananiuliza tu viboko hawajambo.

Wewe uliyeng'ang'ania jambo lako peke yako mpaka limekufuta vidole, mwachie Mungu leo. Na jirani akibisha hodi, mfungulie, maana ndiyo mikono uliyoiomba. Nami nashukuru, nashukuru sana. Kama nimekosea jina la mtu, au baba wa kikaangoni yumo humu na alisema vingine, asimame anisahihishe, mie mzee. Ila habari ya kiboko msiiguse. Bi Mwanahawa yuko benchi la nyuma pale, kanisindikiza tu, na mkimfungulia mlango huo hatutoki leo.