Fundi Aliyesemekana Alinyamaza

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ndugu wakufunzi, wazazi na walezi, wauguzi mnaohitimu leo, na wewe dada yangu, mke wa marehemu fundi mwashi, uliyekubali kuja baada ya kukupigia simu mara tatu: nawasalimu nikiwa nimekaa, maana miguu imegoma. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeficha jambo kuhusu mgonjwa mnayemwita Mnyamavu, na daktari wangu ameshaniambia nisipange mambo ya mwaka ujao.

Somo la Mnyamavu mnalijua, mmelifanyia mtihani. Fundi alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akaketi kwenye benchi la idara ya dharura bila kulalamika, muuguzi akaandika maumivu tatu kwa kumi, akasubirishwa saa nne, akafa kwa utumbo uliopasuka. Funzo lake: muulizeni hata aliyenyamaza. Zuri sana. Nimelifundisha mwenyewe mpaka limenikinaisha, na kila lilipopigiwa makofi niliyachukia makofi hayo.

Juzi nililetwa idara ile ile, tumbo likinikata. Muuguzi, mhitimu wa chuo hiki, akaniuliza vizuri kabisa: "Babu, sifuri mpaka kumi, unaumwa ngapi?"

"Tisa."

"Tisa, babu? Mbona unaongea vizuri hivyo? Wa tisa huwa wanagaragara."

"Nikigaragara, nani ataniinua?"

Akacheka, akaandika tano.

Tano, ndugu zangu. Kwani tulikuwa sokoni? Nilikuwa nimemtajia bei ya nyanya? Kipimo hiki kina mwenyewe mmoja tu, naye ni yule anayeumwa. Kazi yenu ni kuuliza, kuandika alichosema, kumpa dawa, kisha kurudi kumuuliza tena. Uso wake, kelele zake na utani wake andikeni pembeni, lakini namba ni yake. Tuseme mara ngapi? Nilitaka kumgombeza binti yule. Sikuwa na haki hiyo.

Dada yangu, kila tulipokutana uliniambia jambo moja: "Angesema tu, yule mtu. Kiburi chake kimeniachia watoto wanne." Umemlaumu mpaka wajukuu wanajua kwamba babu yao alikufa kwa ukaidi. Nami nilikuwa nakuitikia, huku nakunywa chai yako.

Waliokuja kuchunguza kifo kile walinihoji mimi, niliyekuwa zamu. Waliniuliza kama mgonjwa alilalamika. Nikajibu kwamba hakufungua mdomo. Wakaandika, chuo kikanakili, na somo likapatikana.

Wahitimu, nawapongeza, na nawaombea mikono isiyochoka. Ndugu wageni, nawashukuru kwa kumvumilia mzee asiyeweza hata kusimama mbele yenu. Tuzo mliyoniandalia, baki nayo, Mheshimiwa. Limebaki neno moja, na hilo ni la dada yangu.

Mume wako alisema. Aliniambia kumi, kwa sauti ya upole, huku akinitania kwamba koti langu la kazi limenipwaya kama la kuazima. Nikaona mtu anayetania hawezi kuumwa kumi. Nilimsikia vizuri, nikaandika tatu.