Nyungu Isiyojua Nyama

Ndugu zangu, asifiwe Bwana, aliyetuamsha leo tungali na pumzi! Nimetazama mabenchi mara mbili, hakuna aliyesinzia bado. Basi niseme upesi.

Wengi mnanijua sokoni Sake kwa mafuta ya mawese na ubishi. Lakini zamani nilikuwa mtu asiye na paa. Upepo mkubwa ulipita kijijini kwetu Walikale, miti ikaangukia nyumba zetu zote. Mama wa mtoto wangu hakutoka. Nilitoka mimi, na Mapendo, mtoto wa kunyonya, na kikapu cha nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi. Nyama ile niliihesabu mara mbili, nikitumaini imeongezeka. Muujiza huo Bwana hakunifanyia.

Shangazi zangu walimpa Mapendo maji ya ndizi, akatapika. Alilia mpaka kilio kikamwishia. Ndugu zangu, mtoto akinyamaza namna ile, msitu wote unanyamaza naye! Mpita njia akaniambia: panda Masisi, kule juu kuna ng'ombe.

Nikapanda. Njia siikumbuki vizuri. Nakumbuka ukungu, na vilima vikielea ndani yake, na miguu yangu ikitembea kama miguu ya mtu mwingine. Ng'ombe wakatokea katika ule weupe, mmoja mmoja, bila sauti. Nikadhani tumekwisha kufa sote wawili, na kwamba mbinguni kunanuka samadi.

Kumbe ni Bihambwe, kule kule Masisi. Penye ua alisimama Papa Yosefu, mwenye ng'ombe. Nikamtolea kikapu chote, anipe maziwa kidogo. Mimi, kikapu chote! Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Nyama ya pori? Muntu anakula hiyo, hawezi kunywa maziwa yangu. Ng'ombe itakauka."

Hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Ndiyo desturi waliyozaliwa nayo. Nikabembeleza, nikaapa kuitupa nyama mtoni.

"Na ile iko mu tumbo yako, utaitupa wapi?"

Nikapiga magoti kwenye matope: Bwana, sina cha kukupa. Basi. Maombi yangu yote yalikuwa hayo.

Mke wake, Mama Feza, akatoka na chombo cha mti chenye maziwa. Akamfungua Mapendo kinywa kwa kidole.

"Papa Yosefu, kuja uangalie. Mutoto hana hata jino. Hiyo nyama aliikula na nini?"

Mzee akaangalia. Akaangalia tena. "Kweli, hana. Lakini baba yake iko nayo."

"Baba yake abaki inje. Mimi njo nitamubeba mutoto."

Nilibaki nje ya ua, ndani ya ukungu, simwoni mtu. Lakini nilimsikia binti yangu akimeza. Haleluya! Alimeza, akapumua, akameza tena!

Asubuhi Papa Yosefu alikamua kwa hofu. Mimi kwa mbali nilihesabu chuchu za ng'ombe: nne. Nikarudia: nne. Maziwa yakaja! Mzee akacheka, akanijengea kibanda chini ya boma.

"Kaa pale, mulaji wa nyani, mupaka mutoto aote meno. Akiota, tutaanza tena kugombana."

Mapendo ndiye yule, benchi la akina mama. Meno anayo yote, waulizeni wanaomlisha.

Tangu tujenge tena Walikale, nyumbani kwangu huning'inia nyungu isiyojua nyama. Masika haya, familia kutoka Masisi, ambayo mvua iliibomolea nyumba, ilisimama mlangoni. Walikuwa na njaa, lakini harufu ya nyama ya pori jikoni mwangu iliwazuia kuingia.

"Papa, tunaomba moto tu," mama yao akasema.

Nikaiteremsha nyungu. "Mama, hii haijapikiwa nyama hata siku moja."

Akainusa. Akainusa tena. Nikampenda mtu yule! Kisha akawaita watoto, wakaingia. Wangali kwangu.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana, aliyetusikia sisi tusio na cha kutoa! Na kila nyumba iweke nyungu ya yule asiyekula kama ninyi. Yangu sasa ina kazi. Jana nilinunua nyingine sokoni, wala sikubishana bei. Mama mfinyanzi aliniuliza kama ninaumwa.