Wietske Hoogterp na Kadi ya Neno Piekeren

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2013, Bi. Wietske Hoogterp anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya kamusi ya Kiholanzi hapa Leiden. Amekosa kazini siku moja tu, siku mfereji ulipoganda, naye akaenda kuteleza kwenye barafu kama sisi wote.

Kazi yake ilikuwa kusaka asili ya vitenzi. Kimoja kilimnyima usingizi miaka sita: piekeren, yaani kuwaza na kuwazua bila kufika popote. Alishikilia kwamba kilitoka kwa Wamalay, katika pikir, nao walikipata kwa Waarabu. Mimi mzaliwa wa Tanga sikuhitaji kushawishiwa. Ni ndugu wa kufikiri kwetu, ila huku kimenyeshewa mvua nyingi mno.

Ushahidi wake ulikuwa kadi moja, nakala ya barua ya karani wa Batavia, mji wa koloni la Waholanzi huko Asia. Mwaka 2004 ikapotea. Mkuu wetu, Dakta Onno Brandsma, hakuwa na simile. "Bila kadi naandika asili haijulikani," alisema, "na kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa wiki ijayo." Wietske alipekua hadi mifuko ya makoti yetu. Iliniuma kumwona.

Siku moja kabla kitabu hakijaondoka, tulikunywa kahawa ya saa nne kama kawaida: kila mtu biskuti moja, kisha mkebe unafungwa. Mlinzi wa mkebe ni Wietske, naye huujaza kwa juu kila Jumatatu. Semuel Tahapary, mtoto wa Waambon, watu wa visiwa vya upande uleule wa Batavia, aliyekuwa na wiki moja ofisini, alikula yake, akaufungua tena. Sote tukamgeukia.

"Kwani hizi za kutazama tu, Shangazi?" aliuliza.

Akala ya tatu, akala ya nne. Kwao mgeni asiyeongeza anamtia mwenyeji aibu. Wietske alikuwa mwekundu hadi shingoni. Huko chini, kwenye biskuti ngumu kama kokoto, Semuel akavuta karatasi yenye madoa ya siagi. Ilikuwa kadi ile iliyopotea. Wietske mwenyewe ndiye aliyeitandika humo, siku aliyokosa karatasi nyingine.

Alikaa kitako akalia, kisha akachukua biskuti ya pili. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo. Onno alirekebisha ukurasa mchana uleule.

Asante, Bi. Wietske, kwa uvumilivu na hata kwa ubahili. Tunakuombea uzee mtamu, na upepo wa kisogoni kila upandapo baiskeli. Neno limekaa ukurasani pamoja na asili yake. Jina lako halimo, maana kamusi haiwataji waliohangaika kwa ajili yake. Basi tunaliandika sisi hapa: aliyeitafuta ni Wietske Hoogterp.