Daktari Leonor Chiluiza na Uji Uliosubirishwa

Tarehe 30 Juni Daktari Leonor Chiluiza anaturudishia funguo za zahanati ya nyumba yetu ya wazee hapa mjini Píllaro, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa. Wenye vyeti walisema hawana nafasi ya kuandika maneno ya kumuaga. Basi naandika mimi, Segundo Tipán, mpishi, niliyemtangulia hapa kazini, na ambaye uji wangu wa morocho, mahindi meupe kwa maziwa na mdalasini, haujapata mpinzani mkoa mzima.

Alipofika alikuta humu ndani ugonjwa mmoja tu: uzee. Mzee akisahau, uzee. Akinuna wiki nzima akitazama ukuta, uzee. Daktari aliyekuwepo alitibu kwa neno hilo hilo, na mshahara akapokea. Leonor akatoa sindano. Kila aliyesemwa kapotewa na akili, au kazama kwenye huzuni, kwanza damu ipimwe, tuone kama tezi ya shingoni inatoa homoni yake. Kwa wengi ilitoa vizuri, na usahaulifu wao ulikuwa usahaulifu kweli. Aliwaambia ndugu zao bila kuzunguka.

Halafu akaletwa Bibi Zoila, mshonaji, kavaa shali tatu juani, uso umevimba, hasemi. Mwanawe Fausto, bwana wa viatu vya kung'aa na haya kidogo, alitaka daktari athibitishe kwamba mama hana akili tena, ili nyumba ya mama huyo iuzwe.

"Mama kashakwisha, daktari, tusichoshane."

"Aliyekwisha tunamzika, Fausto. Huyu tunampima."

Tezi ya Bibi Zoila ilikuwa imelala, ndiyo iliyomvimbisha na kumnyamazisha. Vidonge vya homoni hiyo vikaanza kidogo kidogo, maana moyo wa mzee haukimbizwi. Baada ya muda damu ikapimwa tena: homoni bado ni kidogo. Fausto akaja anachekelea. Daktari akashuka jikoni.

"Don Segundo, vidonge Bibi Zoila anameza na nini?"

Na uji wangu, nikamwambia, tangu lini maziwa yakawa sumu?

"Si sumu. Yanaizuia dawa isiingie mwilini. Kidonge na maji matupu, uji baadaye."

Mimi sipangiwi sufuria na mtu. Tulibishana mpaka uji ukaungua. Lakini akili ninayo, kumshinda Fausto, basi morocho ikasubirishwa.

Asubuhi moja, baada ya wiki kadhaa, Bibi Zoila akaweka kijiko chini, akaita: "Wewe mpishi! Mdalasini umekula mwenyewe?" Kimya chote kile, na neno la kwanza ni kunitukana mimi! Fausto alipokuja, alimkuta uani anatunga uzi kwenye sindano ya kushonea.

"Nyumba yangu umeifagia?" mama akamuuliza.

Viatu vile hatujaviona tena.

Daktari Leonor, asante. Bibi Zoila anakupa shali mbili kati ya zile tatu, hazihitaji tena. Tunakutakia mapumziko marefu, na uji unywe ukiamka tu, hakuna wa kukuzuia. Ila siku tukisikia umekaa dirishani kimya, asije mtu kutuambia ni uzee. Tutakuja na sindano.